Kiache Kifimbo Hewani: Ushauri kwa Aliyepewa Kazi ya Bango

Kosa kubwa la mabango ya vikundi vya kuzungusha vifimbo ni kwamba kifimbo chenyewe hakionekani. Utawaona wasichana wamepangwa mistari miwili, wa mbele wamepiga goti, wa nyuma wamesimama, wote wanatabasamu, na vifimbo vimebanwa kwapani au vimelazwa mapajani. Juu kuna jina la kikundi kwa herufi za dhahabu zenye kivuli. Chini kuna nembo za wafadhili. Mahali fulani katikati imejificha tarehe, ambayo mpita njia ataigundua wiki moja baada ya onyesho. Bango la namna hiyo lingefaa kwaya, lingefaa timu ya netiboli, lingefaa hata mahafali ya darasa la saba. Badilisha jina tu, kazi imekwisha.

Nina msimamo mmoja katika jambo hili na makala hii yote inauzunguka. Watu hawaji kutazama kifimbo kikiwa mkononi. Wanafuata ule muda mfupi ambao kimeshaondoka mkononi na hakuna mwenye hakika kwamba kitadakwa. Bango lako liuze muda huo, na mengine yote, rangi, herufi, nembo, hata mgeni rasmi, yasogee pembeni kuupisha.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe, kifimbo ni chuma chembamba kilichong'arishwa, chenye vichwa viwili vya mpira, kimoja kikubwa na kingine kidogo, na kwa sababu hiyo kitovu cha uzito wake hakikai katikati kabisa. Urefu wake hupimwa kwa mkono wa mchezaji, kuanzia kwapani hadi ncha ya kidole cha kati. Cha mtoto huwa kifupi, cha mtu mzima hukaribia sentimita 70. Mchezo ulikulia Marekani, mbele ya bendi za matarumbeta za shule na vyuo, kisha ukaingia ukumbini ukawa mashindano yenye muziki, dansi na sarakasi. Mashindano ya kwanza ya dunia yalifanyika Seattle mwaka 1980, na siku hizi Wajapani, Wafaransa, Waitaliano na Wakanada wanapigania medali na Wamarekani. Kwetu, jamaa yake wa karibu ni yule kiongozi wa bendi ya jeshi au polisi anayetangulia gwaride la sikukuu ya taifa. Anarusha rungu lake juu, analidaka bila kukosea hatua, na jukwaa zima linalipuka kwa vigelegele. Hawamshangilii kwa sababu ya magwanda yake.

Basi kama mwanao yumo kwenye kikundi cha shule huko Ohio au Texas, na wazazi wenzako wamekutwisha bango kwa sababu walisikia unajua kompyuta, au kama unafundisha bendi ya shule Morogoro au Nakuru na sasa umewaongezea wanafunzi vifimbo, kazi iliyo mbele yenu ni moja. Nayo inaanza kwenye picha, kabla hata ya kufungua kompyuta.

Usitegemee picha za siku ya onyesho. Siku hiyo kila mtu ana mambo yake, taa si zako, na nyuma ya mchezaji kuna turubai, viti vya plastiki na mjomba wa mtu amesimama akinywa soda. Tenga jioni moja ya mazoezi kwa ajili ya picha peke yake. Chagua wachezaji wawili au watatu wenye mrusho safi, si lazima wawe warembo wala viongozi, kisha waombe warushe tena na tena kutoka mahali palepale.

Sasa, ufyatue lini? Kitu kinachorushwa juu hupunguza mwendo kadiri kinavyopanda, hufika mahali kikasita, ndipo kikaanza kushuka. Kifimbo kinachopanda mita 5 juu ya mkono huchukua sekunde moja kufika na sekunde nyingine kurudi. Lakini katika robo sekunde ya kileleni husogea chini ya sentimita 10. Hapo ndipo pa kufyatua. Wapigapicha wengi hubonyeza mapema, kifimbo kinapochomoka mkononi, yaani wakati kina mbio kuliko wakati mwingine wowote, halafu wanalaumu simu. Mwambie mchezaji ahesabu kwa sauti, moja anaporusha, mbili kinapofika juu. Baada ya mirusho michache kidole chako kitakuwa kimeizoea ile mbili.

Kileleni kifimbo huacha kupanda lakini hakiachi kuzunguka, na hapo pana uamuzi wa kisanii ambao usimwachie mtu mwingine. Chukua kifimbo cha sentimita 70 kinachozunguka mara mbili kwa sekunde. Ncha zake zinakimbia zaidi ya mita 4 kwa sekunde. Kamera ikifunguka kwa sehemu ya elfu moja ya sekunde, ncha husogea milimita 4 tu, na picha itaonyesha chuma kimeganda angani, kingo zake wazi. Ikifunguka kwa sehemu ya 125, ncha hufutika kwa sentimita 3 na nusu. Ikifunguka kwa sehemu ya nane ya sekunde, kifimbo kimeshakata robo ya duara, na badala ya fimbo unapata pazia la mwanga lenye umbo la kipepeo. Picha zote hizo zina matumizi. Ile iliyoganda inamfaa mtu wa mbali, kwa sababu anatambua mara moja kwamba ile ni fimbo. Ile ya robo duara ni nzuri ajabu lakini inahitaji mchezaji asimame tuli huku akitazama juu, la sivyo naye anafutika. Mimi hupendelea katikati, sehemu ya 60 hivi, ambapo uso uko wazi na ncha za kifimbo zimeacha mkia mfupi unaosema kwamba kinazunguka. Simu nyingi za kisasa zina sehemu ya kupanga kasi hii kwa mkono. Itafute kabla hujaenda uwanjani, si ukiwa umeshawasimamisha watoto juani.

Kama unatumia simu, kuna njia nyingine: piga video ya ubora wa 4K na baadaye chomoa fremu moja. Fremu hiyo ina pikseli 3840 kwa 2160, haifikii nukta 300 kwa inchi kwenye A3 lakini inatosha kwa bango la ukubwa huo linalotazamwa kutoka mbali kidogo. Video ya kawaida yenye pikseli 1920 kwa 1080 inafaa kwa stetasi ya WhatsApp, lakini ukiichapa kwenye karatasi kubwa itaonyesha vigae.

Jua la saa saba mchana katika nchi zetu huangukia utosini, linatia macho yote giza chini ya kofia na kuunguza vazi jeupe mpaka mikunjo yake ipotee. Subiri saa kumi na moja jioni. Mwanga unakuja kwa pembeni, ngozi inapata umbo, na chuma kinawaka upande mmoja. Gusa uso wa mchezaji kwenye kioo cha simu ili kamera ipime mwanga hapo, kisha shusha mwangaza kidogo. Simu zikiona ngozi nyeusi kwenye mandhari ya giza hujitia kuisaidia kwa kuipausha, na msichana mwenye rangi nzuri ya kahawia anatoka wa kijivu. Kumbuka pia kwamba chuma kilichong'arishwa hakina rangi yake, kinaonyesha kilicho mbele yake. Kikiwa juu ya anga jeupe la mawingu hupotea kabisa. Kitafutie mandhari yenye kiza: miembe, ukuta wa rangi nzito, au anga la upande wa pili wa jua ambako bluu imekolea. Wachezaji wengi huzungushia vifimbo vyao utepe wa rangi. Siku ya picha chagueni utepe wa rangi moja inayopiga kelele.

Ushuke chini. Weka kamera usawa wa magoti, hata ulale kifudifudi ikibidi. Mchezaji atarefuka, mstari wa upeo utashuka, na kifimbo kitapata anga la kwake. Kinase kikiwa mshazari, maana kifimbo kilicholala sawasawa na ukingo wa karatasi huonekana kimetulia, na utulivu si biashara yetu. Na kitu kimoja usikisahau hata kama utasahau mengine: mkono mtupu. Vidole vimefunguka, kiganja kinatazama juu, macho yamefuata kule kilikokwenda. Mtu akiona sura inayotazama juu, naye hutazama juu; hakuna mshale utakaochora kwenye kompyuta wenye nguvu hiyo.

Ukiwa na picha hiyo, mkalishe mchezaji sehemu ya chini ya bango, kifimbo kiweke karibu na ukingo wa juu, na katikati acha wazi. Pengo hilo ndilo bango lenyewe. Litakutia wasiwasi. Litawatia wasiwasi zaidi wajumbe wa kamati, na mmoja wao atasema kwa nia njema kabisa kwamba hapa pana nafasi, tuweke picha ya mwenyekiti. Mweleze kwamba mtu hawezi kuona kimo cha kifimbo kama kimo chenyewe kimejazwa vitu.

Ukihitaji ushahidi wa kumwonyesha, mtafutie bango la pili la Olimpiki za Tokyo za 1964. Lilisanifiwa na Yusaku Kamekura na kutolewa mwaka 1962, nalo ndilo bango la kwanza la Olimpiki kutumia picha ya kamera. Wakimbiaji wanachomoka kwenye mstari wa kuanzia, miili imeinama, wote wanaelekea upande mmoja, na nyuma yao ni giza tupu. Picha ilipigwa usiku, na mpigapicha Osamu Hayasaki aliwarudisha wanariadha mstarini tena na tena mpaka miili ikapangika alivyotaka. Maneno ni mawili tu: jina la mji na mwaka, yamekaa chini pamoja na zile pete tano. Kamekura angeweza kuonyesha uwanja, bendera, mlima Fuji. Alichagua kitendo kimoja na giza la kukizunguka.

Mavazi yanahitaji mazungumzo kabla ya picha. Nguo za kubana zenye vimulimuli ni za kawaida kwenye mashindano ya Marekani na Ulaya, lakini bango linabandikwa ukutani kwa mwenye duka na karibu na msikiti, mahali ambapo bibi wa mchezaji atapita. Waulize wasichana wenyewe na wazazi wao. Mikono mirefu, suruali, hijabu, vyote vinakwenda na mchezo huu bila shida, mradi kitambaa kisininginie kifundoni mwa mkono kikanasa chuma. Ukishindwa kuwapatanisha wahusika, au ukiwa na watoto ambao wazazi hawataki sura zao zionekane, mweke mchezaji kati yako na jua linalozama upige kivuli chake. Umbo la mwili mweusi, mkono umenyooka, kifimbo kimetengana na kiganja, ni picha inayosomeka ng'ambo ya barabara, nayo haimtaji mtu. Kwa mtoto yeyote anayetambulika, pata idhini ya mzazi kwa maandishi, na bango lisibebe jina lake kamili pamoja na siku na mahali anapofanyia mazoezi.

Picha za kuokota intaneti achana nazo. Mbali ya haki za mpigapicha, mtu aliyeona bingwa wa Japani kwenye bango lako atakuja kumtafuta bingwa wa Japani. Na zile zinazotengenezwa na programu za akili bandia zinaweza kupitisha kifimbo katikati ya kiganja, au kumpa msichana kifimbo chenye vichwa vitatu. Mpita njia huenda asione. Wachezaji wa vikundi vingine wataona, na watatumiana.

Tuje kwenye mpangilio. Watu wa pwani wamevaa mfano wake tangu karne ya 19, nao ni kanga. Kanga ina pindo linalouzunguka mji pande zote, ina mji wenye pambo lake, na ina jina, ule mstari mmoja wa maneno uliokaa chini ya mji. Hakuna mtengeneza kanga anayeandika maneno kwenye pindo, tena kwenye mji, kisha akaongeza namba za simu pembeni. Lipe bango lako pindo, yaani nafasi tupu ya sentimita 2 hivi kuzunguka ukingo isiyoguswa na herufi yoyote. Lipe mji, yaani ile picha. Kisha lipe jina lake.

Jina hilo ndilo kichwa cha bango, na liwe fupi. "Kikundi chetu kinayo furaha kuwatangazia wananchi wote kwamba kutafanyika onyesho kabambe" ni maneno ya barua, mtu wa bodaboda hatayasoma. "Kitadakwa?" ni bango. "Njoo ukione kikirudi" ni bango. Swali moja au agizo moja linatosha, mradi lizungumze na picha. Usirudie kwa maneno kile ambacho picha imeshakisema. Kuandika "Vifimbo Hewani" chini ya kifimbo kilicho hewani ni kupoteza wino.

Hapa lugha yetu ina matakwa yake kwenye karatasi. Kiolezo ulichopakua kwenye Canva kilipangwa kwa maneno ya herufi nne au tano, nawe unataka kuweka "Tunawakaribisha". Itabidi upunguze herufi ili neno litoshe, na kichwa kitanyauka mpaka kilingane na anwani. Chagua chapa nyembamba na ndefu, yenye herufi zilizokaribiana, au tafuta neno fupi zaidi. Usikate neno katikati likaendelea mstari wa pili. Chapa mbili zinatosha kwa bango zima: moja ya kichwa, moja ya maelezo. Zile zinazoiga mwandiko wa mkono wenye mikia waachie watengeneza kadi za harusi, na hata wao wasizitumie kuandika tarehe.

Ukubwa wa herufi una hesabu inayojulikana kwa wachora mabango: herufi yenye kimo cha sentimita 2 na nusu husomeka kwa raha umbali wa mita 3. Kwa mita 6, zidisha mara mbili. Sasa pima barabara yenu. Kama mtu atalisoma bango akiwa upande wa pili, mita 12, anahitaji herufi za sentimita 10, na karatasi ya A3 ina upana wa sentimita 29.7 tu. Haitoshi, hata ukilazimisha. Kwa hiyo A3 ni bango la mtu aliyesimama: kwenye foleni ya duka, kwenye benchi la saluni, anayesubiri daladala au matatu. Picha imwite kutoka mbali, maneno ayasome akiwa amekaribia. Ukitaka kusomwa na mtu aliye ndani ya gari, chapisha kwenye fleksi kubwa, na hapo weka kichwa, siku na mahali, basi.

Maelezo ya onyesho yakusanye sehemu moja, chini. Siku, saa, mahali, kiingilio, namba moja ya simu. Andika jina la siku pamoja na tarehe, kwa sababu watu hupanga maisha yao kwa Jumamosi na Jumapili kuliko kwa tarehe 14. Saa iandike kwa Kiswahili kilichokamilika: "saa 10:00 jioni". Nimeona mabango yenye "saa 4:00 PM", ambayo msomaji mmoja anaielewa kuwa saa kumi jioni na mwingine anakuja saa nne usiku akute viti vinakusanywa. Kama wasomaji wako ni mchanganyiko, mfano mko ughaibuni, andika saa ya Kiingereza kwenye mstari wake, usizichanganye. Mahali elekeza kwa alama ambayo watu wanaijua, mkabala na nini, jirani na stendi gani. Namba ya simu iwe moja na mwenye nayo apokee. Namba tano ni njia ya kuhakikisha hakuna anayejiona na wajibu. Kama kuna namba ya kulipia kiingilio, ipe mstari wake na uiandike ni ya nini, mtu asiipige akidhani ni ya maulizo.

Kuhusu mgeni rasmi sina maneno matamu. Picha yake haileti watazamaji kwenye onyesho la vifimbo, isipokuwa wale wanaomtafuta kwa shida zao. Mpe heshima yake mahali inapostahili: kwenye kadi ya mwaliko, kwenye ratiba, kwenye kipaza sauti. Akilazimika kuwemo, andika jina lake kwenye mstari wa maelezo bila picha. Wafadhili ni jambo jingine, hao wametoa fedha na wanastahili kuonekana, lakini wapange kwenye ukanda mmoja chini, nembo zote kimo kimoja, rangi moja kama watakubali, na ukanda wote usizidi sehemu ya kumi ya bango. Mwonyeshe mfadhili rasimu mapema umweleze kwamba nembo yake chini ya picha inayotazamwa ina faida kuliko nembo kubwa kwenye bango lisilotazamwa. Wengi huelewa.

Rangi: mbili na nyeupe, au tatu na nyeupe ukiwa na sababu. Kisutu, ile kanga ya maharusi, kina nyekundu, nyeusi na nyeupe, na hakijawahi kulalamikiwa kwamba kimepooza. Anza na rangi za sare ya kikundi ili siku ya onyesho watu waone walichokiona ukutani. Kwa sababu kifimbo kinang'aa, mandhari ya rangi nzito itakusaidia, na maneno meupe au ya manjano yatasimama juu yake. Nyekundu juu ya nyeusi huonekana nzuri kwenye kompyuta na huzama ukutani. Manjano juu ya nyeupe haionekani kabisa. Jaribio rahisi ni kulitoa bango kwenye printa ya nyeusi na nyeupe. Kama tarehe bado inasomeka, rangi zako zinatosha, na utakuwa umewasaidia pia wale wasiotofautisha nyekundu na kijani.

Bango la kutafuta wanachama wapya ni kazi tofauti, usilibebeshe la onyesho. Aliyefika kileleni hamvuti anayeanza, humtisha. Onyesha mtoto wa kawaida akiwa na fulana, kifimbo kimemponyoka kidogo, anacheka. Andika umri unaopokelewa, siku za mazoezi, gharama, na kama vifimbo vya kuazima vipo, kwa sababu hilo ndilo swali la kwanza la mzazi na ndilo linalomzuia asipige simu.

Kama mna fedha ya kuchapa nakala nyingi, kuna mbinu ambayo ningependa kuiona mara nyingi zaidi. Mwaka 1878 Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 kandokando ya njia ya farasi huko California, akapata picha za mnyama mmoja katika hatua zake zote, na watu wakaona kwa macho yao kwamba kuna wakati kwato zote nne zimeacha ardhi. Fanya hivyo kwa vifimbo. Tengeneza mabango matatu ya mchezaji yuleyule: la kwanza kifimbo kimeachana na kidole gumba, la pili kiko katikati ya karatasi, la tatu kiko peke yake juu, mchezaji hayumo kabisa. Yabandike yakifuatana kwenye ukuta mmoja. Anayepita kwa miguu ataukamilisha mrusho kichwani mwake akitembea. La tatu likibandikwa peke yake mtaa wa pili, watu watauliza ni nini hicho, na kuulizwa ndiyo nusu ya kazi ya bango.

Kwa mchapaji nenda na faili lililo tayari, iwe ni Kariakoo, River Road au duka la nakala la mtaani kwenu. A3 kwa nukta 300 kwa inchi ni pikseli 3508 kwa 4961. Rangi ya mandhari iendeleze milimita 3 nje ya mstari wa kukatia kila upande, kwa sababu mashine ya kukata haina huruma, na bila hivyo utabaki na uzi mweupe ukingoni. Geuza rangi kuwa za wino kabla ya kutuma. Kijani cha kung'aa na pinki ya kuchoma unavyoviona kwenye kioo havipo kwenye wino, na ni heri uhuzunike nyumbani kuliko mbele ya nakala zilizokwisha kuchapwa. Ukimtumia mchapaji faili kwa WhatsApp, litume kama hati, si kama picha, maana picha hubanwa na kupoteza ubora njiani. Omba nakala moja ya majaribio ya ukubwa kamili, na ulipe ukidaiwa. Karatasi isiyong'aa ni bora kwa mahali penye jua au taa, kwani inayong'aa humrudishia msomaji mwanga machoni. Uzito wa gramu 150 unatosha kwa ndani na barazani. Msimu wa masika weka plastiki juu au ukubali kwamba utabandika mara mbili.

Ile nakala ya majaribio ibandike ukutani, urudi nyuma hatua kumi, ukunje macho mpaka uone ukungu. Kinachobaki kuonekana ndicho bango lako. Ukiona mkono na kifimbo, endelea. Ukiona nembo ya benki, rudi mezani. Kisha mwite mtu asiyehusika, mwonyeshe kwa muda wa kuhesabu hadi tatu, lifunike, umuulize ni nini, lini na wapi. Asimwonee haya mtengenezaji. Ndiyo maana usimwite mkeo.

Omba ruhusa ya kubandika kwa mwenye ukuta, na uulize ofisi ya mtaa au ya kaunti kama kuna tozo, kabla nakala hazijabanduliwa na mgambo. Usipigilie misumari kwenye miti. Katikati ya bango iwe usawa wa macho ya mtu aliyesimama, mita moja na nusu hivi kutoka chini, na ni afadhali mabango matatu kwenye kona yenye watu kuliko kumi na matano kwenye barabara wanayopita magari peke yake.

Kwa stetasi usipunguze tu bango la karatasi. Kioo cha simu kilichosimama kinachukua pikseli 1080 kwa 1920, ni kirefu na chembamba, na urefu huo ni zawadi kwa mchezo huu: mchezaji chini, kifimbo juu kabisa, pengo refu katikati. Acha nafasi tupu juu na chini ambako programu huweka jina lako na sehemu ya kujibu. Maelezo yapunguze yawe siku, saa na mahali. Siku ya onyesho asubuhi tuma tena, neno "leo" likiwa limechukua nafasi ya tarehe.

Onyesho likiisha, kesho yake tumeni vijana wakabandue yote. Bango lililopitwa na wakati hufanya linalofuata lisisomwe, na mwenye ukuta atawakumbuka kwa wema mkirudi. Picha za asili zihifadhiwe mahali pawili zikiwa na jina la mpigapicha na fomu za idhini za wazazi, na faili la bango liwekwe likiwa bado linaharirika, maandishi yakiwa kwenye safu yake mbali na picha, ili mwakani atakayepewa kazi hii abadilishe tarehe bila kuanza upya.